Meza Namba Saba

Kituoni, 4 Machi

Kwako mpwa wangu Miwani,

Kabla ya salamu niache kwanza nijisifu, maana nikianza na salamu sifa zitapoa. Mjomba wako ana bahati. Sisemi bahati ya kuokota kifungo barabarani. Nasema bahati yenyewe, ile inayomchagua mtu mmoja katika umati na kumwambia: wewe, njoo hapa. Bahari imechemka wiki sita mfululizo. Meza zote za kitalu zimepauka, miche imekuwa myeupe kama chaki, na mtaalamu wetu anazunguka na uso wa msiba. Meza moja tu ndiyo imebaki na rangi yake. Namba saba. Na nani anayeitunza namba saba? Simtaji, asije akavimba kichwa akashindwa kuvaa miwani ya kuzamia.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Mama yako hajambo na jicho lake? Mwambie mdogo wake mzima wa afya, ninakula, ninalala, na jenereta letu linakohoa kuliko mimi. Simu yangu, kama alivyokwambia nahodha, ilitumbukia baharini nikijipiga picha na kaa. Kaa alitoka vizuri, simu haikutoka kabisa. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa heshima, na barua zitakwenda na mashua ya mahitaji kila baada ya wiki mbili, kama nahodha hajagombana na injini.

Najua wewe kazi hii unaijua, umesomea, unakaa makao makuu na ramani ukutani. Lakini najua pia kwamba mama yako ana bandeji na wewe ndiye unayemsomea, basi msomee na hapa. Dada yangu, hizi meza si za kulia chakula. Ni fremu za nondo zenye wavu juu, zimesimama kwenye mchanga chini ya maji, kina cha watu wawili waliobebana. Juu yake tunaweka vipande vya matumbawe vilivyookotwa pale mwamba ulipovunjwa na baruti za wavuvi na nanga za meli. Kila kipande kinagandishwa kwenye kidonge cha saruji tunachokiita biskuti. Kikinenepa tunakirudisha mwambani kikaanze maisha. Ndiyo kazi aliyonipatia binti yako, kwa kuandika jina lake kwenye fomu kwamba ananijua na ananidhamini. Hakukosea.

Mtaalamu amerudi kutoka likizo ya uzazi na binti wa miezi miwili. Mtoto analala ndani ya kreti ya mitungi ya hewa, hajali kitu. Mama yake alipozama akaiona namba saba, alipanda juu, akavua kinyonyeo cha hewa mdomoni na kuniuliza, "Umefanyaje?" Nikamwambia, "Dada, huu ni mkono. Mtu kazunguka dunia mara mbili na nusu." Ile nusu, injini ilikufa njiani, lakini hilo sikumwambia.

Ni mimi mjomba wako mwenye bahati,
Kepteni

*

Mjini, 19 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama bandeji imetolewa Jumanne. Alifumbua jicho, akatazama sebule yangu polepole kutoka kona hadi kona, akasema, "Kumbe ndivyo tunavyoishi." Tangu siku hiyo sina raha. Amekwangua masizi ya jiko, amefua mapazia, na jana nimemkuta amesimama juu ya stuli akifuta balbu. Daktari alimkataza kuinama, hakumkataza kupanda.

Barua yako nimemsomea mara mbili. Kwenye kaa alicheka mpaka akajishika jicho. Lakini kule mwanzo, kwenye bahati, alicheka kidogo tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Muulize amevunja nini." Anasema ulipokuwa na miaka tisa uliingia ndani ukiimba kwamba hakuna mtoto mwenye bahati kama wewe, na redio ya babu ilikuwa chini ya kitanda, vipande vipande. Mimi nimekutetea. Nimemwambia mtu hubadilika.

Sasa Mjomba, hapa ofisini kila mtu anaizungumza namba saba. Nieleze vizuri, polepole, maana joto hili si mchezo. Tumbawe, kama nilivyowahi kukwambia, ni mnyama. Ndani ya ngozi yake kunaishi vijimea vidogo mno ambavyo kwa usanisinuru vinampikia chakula, na ndivyo vinavyompa rangi. Maji yakizidi joto anavitapika. Anabaki mweupe, hai lakini mwenye njaa. Joto likipungua upesi, vinaweza kurudi na akapona. Lisipopungua, anakufa. Kwa nini wako hawakutapika? Vipande vya namba saba vilitoka mwamba gani? Meza iko kina gani hasa? Nimeomba daftari lako la kazi. Limefika, ahsante, ila kurasa za Novemba na Disemba zimelowa, wino umekuwa ukungu. Kulitokea nini?

Mama anasema ule matunda.

Mpwa wako,
Miwani

*

Kituoni, 2 Aprili

Miwani wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mwambie mama yako ashuke kwenye stuli. Na ile redio ilikuwa imeshakufa kabla sijaifungua, mimi nilikuwa nafanya uchunguzi wa maiti.

Hilo neno usanisinuru limenikwama kooni. Nimejaribu kumwambia nahodha akadhani namtukana. Lakini jambo lenyewe nimelielewa kuliko wewe unavyodhani. Tumbawe ni mwenye nyumba, na vile vijimea ni wapangaji. Ila hapa mpangaji ndiye anayempikia mwenye nyumba! Dunia nzima sijaona mkataba kama huo. Halafu joto linapanda, mwenye nyumba anapandwa na hasira, anawafukuza wapangaji wote usiku mmoja, asubuhi anaamka mweupe, hana rangi, hana chai. Mtaalamu nilipomweleza hivi alisema atawafundishia hivyo watoto wa shule. Nimemruhusu bure.

Daftari lililowa kwa sababu liko baharini, mama. Kila kitu hapa kimelowa. Hata mkate una chumvi bila kuombwa.

Kuhusu kwa nini namba saba haikupauka, nimefikiri sana. Nimekaa juu ya boya, nimelowesha kidole, nimekinyoosha. Ni mkondo. Pale ilipo namba saba panapita mkondo wa maji ya baridi kutoka kilindini, mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Mtu asiyezunguka dunia hawezi kuusikia. Mimi nimeusikia kwa magoti.

Nakuletea picha ya mtoto wa mtaalamu aliyoichora mtaalamu mwenyewe. Yule wa nyuma mwenye tumbo ni mimi, amenionea.

Mjomba wako,
Kepteni

*

Mjini, 20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama ameanza kulalamikia miwani yangu, anasema fremu zimepitwa na wakati, sasa kwa kuwa anaziona.

Nikwambie jambo ambalo sikutaka kuliandika mapema. Februari, taarifa za kupauka zilipofika, mkurugenzi aliitisha kikao cha kufunga kituo chenu. Alisema kitalu kilichokufa hakihitaji watunzaji. Mimi nilikaa mwisho wa meza, nikaenda chooni nikalia, nikarudi na uso wa kazi. Kisha ikaja habari ya namba saba. Kikao kikaahirishwa. Kisha ikaja barua yako ya mkondo, nikasimama mbele yao wote na ramani, nikaeleza. Mjomba, walinisikiliza! Mimi, ambaye huwa naagizwa nikafungue dirisha ambalo halifunguki.

Mpango ndio huu. Katika zile meza nyingine bado kuna miche ambayo ni myeupe lakini haijafa. Mtaalamu amehesabu mia mbili na kitu. Tutaihamisha yote iwekwe pembeni ya namba saba, kwenye njia ya mkondo wako, ipone kabla joto la mwaka ujao halijarudi. Ndiyo mbegu pekee tuliyobaki nayo kutoka ule mwamba wa kusini. Ikifa hiyo hakuna tena. Ndiyo maana nataka tuwe na uhakika. Ninakutumia kipimajoto. Pima namba saba, pima na meza nyingine mbili tatu, asubuhi na mchana, uniandikie. Kazi ya siku moja.

Nimeweka sahihi yangu kwenye mpango huo. Nilipokuwa naiweka nilikufikiria. Nilipokuwa na miaka minane mwalimu alisema mimi mjinga, wewe ukaja likizo kutoka melini, ukanitazama dakika tano, ukasema, "Huyu si mjinga, haoni." Ukanishika mkono mpaka kwa daktari wa macho. Sijui kama nimewahi kukushukuru.

Mpwa wako,
Miwani

*

Mjini, 11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mashua imekuja na kurudi bila barua yako. Nimemuuliza nahodha kama unaumwa, akasema, "Haumwi, lakini siku hizi hasimulii." Hilo limenitisha kuliko ugonjwa.

Kipimajoto kilifika? Nangoja vipimo tu. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula matunda.

Miwani

*

Kituoni, 14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Matunda ninakula, yale yanayofika bila kuoza, yaani limau.

Mtoto wa mtaalamu ameanza kucheka. Anacheka kila nikikunja uso, kwa hiyo nashinda nimeukunja. Jenereta limekufa siku mbili, tukalifufua kwa soksi ya nahodha, usiniulize ilipoingia. Mtungi wangu wa hewa umebadilishwa vali. Paa la chumba cha vifaa limevuja, nimeliziba. Unaona nina kazi nyingi.

Kipimajoto kimefika. Kizuri sana. Kinang'aa. Nimekiweka mahali salama.

Ulichoniandikia kuhusu daktari wa macho nimekisoma mara nyingi, kisha nimekikunja nikakiweka kwenye begi, si kwenye begi la nguo, kwenye lile la pasipoti. Hakuna cha kushukuru. Mtoto ulikuwa unasoma gazeti kwa pua.

Nilitaka kuuliza tu, kwa kuuliza. Ile miche ya meza nyingine haiwezi kuachwa palepale ilipo, ipone taratibu bila kusumbuliwa? Mimi nikiumwa sipendi kuhamishwa kitanda.

Na jambo la pili. Nina rafiki, zamani tulikuwa naye melini, alifanya kosa kazini. Kosa lenyewe dogo, lilitokana na neno. Aliambiwa neno akalielewa kivyake. Kisha akaliziba. Mashirika kama la kwenu huwa yanamfanya nini mtu wa namna hiyo? Na aliyemdhamini je? Ananiuliza nami sina jibu, ndiyo nikasema nimuulize msomi.

Mjomba wako

*

Mjini, 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Mama. Aliniomba nimsomee tena pale pa rafiki, kisha akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kuhusu rafiki yako. Mwambie aseme. Sijui atafanywa nini, inategemea. Lakini aliyemdhamini, kama anampenda, ataumia zaidi kuambiwa na watu wengine. Ni hayo tu ninayoyajua, na mimi si msomi kiasi hicho.

Vipimo havijafika na mimi sikuweza kungoja tena. Nimeandika kwenye fomu kwamba mkondo umethibitishwa na mtunzaji wa meza mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa baharini. Huyo ni wewe. Mkurugenzi amepitisha. Tarehe 16 Juni tishari litakuja na mawe. Miche ni dhaifu, haiwezi kubebwa mbali juu ya maji yenye mawimbi, kwa hiyo tunahitaji mahali pa kushushia vifaa karibu na namba saba. Tumechagua kile kidimbwi kilicho nyuma ya gati la zamani. Kitafukiwa kwa mawe kiwe jukwaa. Kwenye ramani yangu kimeandikwa: maji ya moto, matope, hakuna kitu. Wakimaliza kufukia, kesho yake miche inahamishwa.

Ningependa nije mwenyewe, lakini Mama anafanyiwa jicho la pili wiki hiyohiyo. Uwasimamie kwa niaba yangu.

Mjomba, kama kuna kitu, niandikie. Hata kama mashua imeshaondoka, iite irudi.

Mpwa wako anayekupenda,
Miwani

*

Kidimbwini, 16 Juni, asubuhi

Miwani, mwanangu,

Marahaba, na mwambie mama yako Mungu amjalie jicho la pili lione vizuri kama la kwanza, na alitumie kwa huruma.

Barua hii naiandika nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kidimbwi, suruali nimeikunja, maji yananifika magotini, na ubao wa kukatia samaki ndio meza yangu. Tishari limefika alfajiri. Mwenye tishari amenipigia honi, nimempungia mkono. Akapiga tena, nikampungia tena. Mwishowe akaja kwa miguu akaniuliza, "Mzee, unaoga au umepotea?" Nikamwambia ninaandika barua. Akasema mawe hayajui kusoma. Nikamwambia yatangoja basi, na mimi hayajanizidi uzito. Anasema maji yatajaa baada ya saa tatu, na hapo atamwaga, nikiwemo nisiwemo. Mtaalamu amesimama ukingoni, mtoto mgongoni, ananitazama. Nimemwambia, "Dada, nikimaliza nitakusomea yote kwa sauti. Lakini lazima nianze na huyu, sahihi ni yake." Amekaa chini. Ananyonyesha na kungoja.

Basi sikiliza.

Oktoba, siku yangu ya kwanza, mtaalamu alinizamisha, akanionyesha namba saba, tulipopanda juu akaniambia, "Kazi yako ni moja. Kila baada ya siku tatu, safisha meza." Maneno mawili. Wewe unajua mimi nilikuwa nani melini. Mnapenda kuniita kepteni kwa utani, na mimi nimeacha utani ukue, lakini kazi yangu ilikuwa jikoni na chumba cha kulia. Miaka kumi na tisa nimeambiwa safisha meza mara tatu kwa siku. Mpishi mkuu akikwambia safisha meza, hasemi ubao. Anasema vyombo vyote vilivyo juu yake, sahani, vikombe, vijiko, vitoke vinang'aa. Mtaalamu alikuwa anasema zile nondo na ule wavu, niondoe majani ya bahari yasisonge miche. Mimi nikasikia vyombo.

Novemba akaondoka kwenda kujifungua. Nikabaki peke yangu, na hamu ya kuonyesha kazi. Nikachukua brashi yangu ya chuma, ile ya masufuria, nikashuka. Miche ilikuwa na ute unaoteleza. Nikadhani ni mafuta, kama mafuta ya sahani. Nikausugua. Mmoja mmoja, Miwani. Kila biskuti. Siku mbili nzima. Nilikuwa naimba kwenye mtungi wa hewa, mapovu yanatoka kwa mahadhi. Ikatoka myeupe, safi, nikakaa mchangani nikaitazama nikasema, Kepteni, hakuna anayekufikia.

Baada ya siku nne ikaota ukungu wa kijani kama mkate. Nikafungua kile kitabu ulichonipa, nikakisoma kwa kidole, mpaka nikafika palipoandikwa kwamba ule ute ni ngozi, na ndani ya ngozi ndimo anamoishi mnyama. Ndiyo siku nilipojua kwamba nilikuwa nawachuna watu wakiwa hai, huku naimba.

Nikalia. Ukilia ndani ya miwani ya kuzamia maji hayana pa kwenda.

Kisha nikafanya la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu hili nililifanya kwa akili timamu. Niliogopa. Si kufukuzwa, nimeshafukuzwa na meli tatu. Niliogopa jina lako kwenye ile fomu. Nikaja hapa nilipokaa sasa, kwa sababu ni karibu na maji ni ya magoti, na hakuna anayekuja. Hapa kuna matumbawe. Ramani yako imekosea, nisamehe. Ni ya kahawia, hayana sura, yamejificha ukutani mwa gati chini ya matope, lakini yapo, na mengine yana pembe kama zile za miche yetu. Nikakata vipande, nikavigandisha kwenye biskuti, nikaijaza namba saba. Ile miche iliyokufa niliizika mchangani. Kurasa za daftari nilizilowesha mwenyewe, kwenye ndoo.

Joto lilipokuja na namba saba ikasimama, sikujua kwa nini. Watu wakaniita mwenye bahati, nikaona niwahi kulisema neno hilo mimi kabla halijageuka. Uliponiuliza, nikakwambia mkondo. Hakuna mkondo. Kidole nilikilowesha kweli, lakini nilikuwa natafuta uongo, si upepo.

Kipimajoto nilikitumia siku ileile kilipofika. Namba saba, thelathini na moja. Namba mbili, thelathini na moja. Namba kumi, thelathini na moja. Yote sawasawa, mchana. Ukiihamisha ile miche mia mbili, unaitoa kwenye sufuria unaitia kwenye sufuria, tena ikiwa migonjwa. Ndiyo maana nilinyamaza. Kisha ikaja barua yako ya kufukia. Sikupata mashua ya kuiita irudi, nahodha alikuwa mjini na injini mezani kwa fundi.

Leo alfajiri nimekitumbukiza kipimajoto hapa kidimbwini. Thelathini na mbili, na jua halijapanda. Mchana itafika thelathini na nne, na maji yakipwa haya matumbawe yanakaa kwenye kitu kama chai. Na hayajapauka hata moja. Nimeyazunguka kwa magoti, nimehesabu vichaka ishirini na sita, vyote vina rangi. Hayo ndiyo yaliyosimama kwenye namba saba. Si mkono wangu, si mahali meza ilipo. Ni haya, yaliyozaliwa kwenye joto yakalizoea. Mimi sikusoma, lakini nadhani wewe ukisoma hapa utasimama uende mbio kwa mkurugenzi, na ndivyo ninavyotaka. Barua hii itarudi na tishari, na mimi sitoki kitini mpaka liondoke na mawe yake. Mwambie asifukie. Mwambie miche ya mwamba wa kusini ibaki ilipo, iwekewe kivuli, na mbegu ya mwaka ujao ikatwe hapa, na mtu anayejua kukata, si mimi.

Mtaalamu ameona namna ninavyoandika kwa nguvu, ameingia majini. Sasa ameinama, ameuweka uso wake kwenye maji pembeni ya kiti changu, na mtoto mgongoni. Bado hajainua kichwa.

Kazi yangu watachukua, sawa. Wewe useme kwamba ulidanganywa, kwa sababu ulidanganywa, na usijaribu kunitetea. Ukiwa na hasira niandikie barua yenye hasira, ndefu, nitaisoma yote. Ila usininyamazie.

Sikuwa na bahati yoyote, mwanangu. Niliua meza nzima kwa mikono yangu, nikaiba nyingine, nikakuandikia wewe kwamba nimebahatika. Nilikudanganya.